SOMO LA AFYA: Chokaa kwenye figo, barua ya hospitali ikifika tufanye nini?

Leo nimeonelea tuzungumzie figo, na hasa lile tatizo la chokaa kujikusanya ndani ya figo, kwa sababu nimeulizwa sana juu ya jambo hili: dukani, harusini, msibani, hata kwenye foleni ya basi. Mtu anakuja na barua ya hospitali imekunjwa mfukoni, ameona neno refu la nefrokalsinosisi au ameambiwa ana mawe, na akili yake imeshafika kwenye mashine ya kusafisha damu. Mwingine ameshaacha maziwa. Mwingine ameshaagiza mitishamba kutoka nyumbani ya "kuyeyusha". Mimi ni muuguzi, kazi hii niliisomea kwanza Tanzania kisha nikaisomea tena hapa Uingereza, kwa hiyo nitajaribu kueleza kwa lugha yetu yale ambayo daktari anayaeleza kwa dakika kumi na kwa Kiingereza cha haraka.

Kwanza tuelewane maneno. Kalsiamu ni yale madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno. Karibu yote mwilini, asilimia 99, yamo kwenye mifupa. Kidogo kinachobaki kinazunguka kwenye damu, na figo ndizo zinazoamua kiasi gani kirudi mwilini na kiasi gani kitoke na mkojo. Kalsiamu ikizidi kwenye mkojo, au maji yakiwa machache, inashikana na vitu vingine kama oksaleti na fosfeti, inakuwa chenga ndogo kama za chumvi. Chenga hizo zikigandamana ndani ya njia ya mkojo tunapata JIWE. Zikijipanga ndani ya nyama ya figo yenyewe, hiyo ndiyo nefrokalsinosisi. Mtu anaweza kuwa na moja au na yote mawili. Mawe mengi ya figo, kama manane katika kila kumi, yana kalsiamu ndani yake.

Tofauti nyingine ni hii: jiwe likishuka kwenye mrija linauma vibaya sana, lakini chokaa iliyo ndani ya nyama ya figo kwa kawaida haiumi. Wengi wanagundua kwa bahati tu, wamekwenda kupigwa ultrasaundi ya nyongo au ya uzazi, mpimaji akaona figo zinang'aa kuliko kawaida. Chokaa hiyo mara nyingi haiondoki ikishakaa. Kazi ya matibabu ni kutafuta chanzo, kukizuia, na kulinda figo zisiendelee kuharibika. Watu wengi wanaishi nayo miaka mingi na figo zao zinafanya kazi. Usisome barua ukaandika wosia.

CHOKAA IMETOKA WAPI?

Hili ndilo swali la kumuuliza daktari, na usitoke chumbani bila jibu au bila mpango wa kulitafuta jibu. Nefrokalsinosisi ni alama ya kitu kingine, kama moshi unavyoonyesha kuna moto mahali.

Chanzo kimoja kikubwa ni tezi za parathiroidi. Ziko shingoni, kwa kawaida nne, kila moja ndogo kama punje ya mchele, nyuma ya tezi kubwa ya koo. Kazi yake ni kupima kalsiamu ya damu. Moja ikiota uvimbe mdogo (mara nyingi si saratani) inaanza kunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa usiku na mchana. Kalsiamu ya damu inapanda, figo zinajaa chokaa, mifupa inakuwa laini. Ugonjwa huu unawapata zaidi akina mama waliokwisha kukoma hedhi, na dalili zake ni za kupotosha: uchovu, choo kigumu, kiu, kukojoa sana, huzuni isiyo na sababu, viungo kuuma. Mama zetu wanajiambia ni uzee, ni baridi ya nchi hii, ni kazi za zamu. Nao walio karibu wanakubali. Kumbe kipimo cha damu cha kawaida kingetosha kuamsha shaka! Kalsiamu ya damu iliyorekebishwa inatakiwa iwe kati ya 2.2 na 2.6 hivi kwa vipimo vya hapa. Ikiwa juu, waombe wapime na homoni ya parathiroidi. Ikithibitika, upasuaji wa kutoa tezi iliyoharibika unaponya watu wengi kabisa.

Chanzo cha pili nakisemea kwa uchungu kidogo, kwa sababu tunajiletea wenyewe: vitamini D. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi kwenye jua hafifu tunashauriwa tuimeze, na ushauri huo ni sahihi. Kiasi kinachoshauriwa ni mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400, na kwetu sisi inafaa mwaka mzima. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 100, yaani yuniti 4,000, kwa siku, isipokuwa daktari amempangia. Sasa tangu wakati wa Korona watu wanameza vidonge vya yuniti 50,000 walivyonunua kwenye intaneti au walivyoletewa na jamaa, tena kila siku, wakati dozi kama hiyo daktari huitoa mara moja kwa wiki na kwa wiki chache tu. Vitamini D haitoki haraka mwilini kama vitamini C, inajiweka kwenye mafuta. Mwaka 2022 jarida la BMJ Case Reports lilieleza habari za mwanamume mmoja wa hapa Uingereza aliyelazwa baada ya kumeza dozi kubwa mno za vitamini D pamoja na virutubisho vingine vingi: alikuwa anatapika, amekonda, kalsiamu imepanda na figo zimeumia. Tazama chupa yako leo. Soma yuniti ngapi. Na ukienda kwa daktari beba chupa zote, hata zile unazoona aibu kuzitaja.

Kuna na tambuu. Wengi wetu hapa Kingsbury na kule Ealing Road tunatafuna, Waswahili wa pwani na ndugu zetu Wahindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, na alama zake nyekundu mnaziona kwenye njia ya miguu. Hatari ya saratani ya mdomo inajulikana. Inayojulikana kidogo ni kwamba ile chokaa inayopakwa kwenye jani ni kalsiamu na ni alkali. Madaktari wameshaandika juu ya watu waliotafuna tambuu nyingi kila siku kwa miaka hadi kalsiamu ya damu ikapanda na figo zikaathirika. Jambo hilohilo linaweza kumpata anayetafuna vidonge vya kiungulia vya kalsiamu kama peremende, huku anameza na vidonge vya mifupa.

Vyanzo vingine nitavipitia haraka. Kuna ugonjwa ambapo figo zinashindwa kutoa asidi, na mara nyingine unafuatana na ugonjwa wa kukauka mate na machozi. Kuna wanaozaliwa na figo zenye vishimo kama sponji. Kuna dawa: topirameti ya kifafa na kipandauso, na furosemaidi ya kupunguza maji, hasa kwa watoto waliozaliwa njiti. Usiache dawa yoyote kwa sababu umesoma hapa, bali mwulize aliyekuandikia.

Na mtoto mdogo akiwa na mawe au chokaa kwenye figo, hilo si jambo la kungoja. Baadhi ya magonjwa haya ni ya kurithi, na yanaonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa ndugu wa damu, jambo ambalo kwetu si geni. Ukiona mtoto hakui vizuri, anakojoa na kunywa kupita kiasi, na hasa kama pia hasikii vizuri, yaseme yote kwa pamoja kwa daktari. Hakuna atakayekuhukumu kwa kuoa binamu yako.

MAUMIVU YAKIJA USIKU

Jiwe likianza kushuka, maumivu yanaanza ubavuni au kiunoni, upande mmoja, yanashuka hadi kwenye kinena. Yanakuja kwa mawimbi. Mgonjwa hatulii, anazunguka chumbani, anatapika. Mkojo unaweza kuwa na damu. Akina mama waliojifungua wananiambia afadhali uchungu wa uzazi, maana ule una mwisho na una zawadi.

Dawa inayotangulia kwa maumivu haya hapa Uingereza ni ile jamii ya diklofenaki na brufeni, kwa mujibu wa mwongozo wa NICE wa mwaka 2019. LAKINI dawa hizihizi zinaumiza figo zilizokwisha kudhoofika, na hazimfai mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito. Kwa hiyo yule anayebeba diklofenaki za kutoka Mombasa kwenye mkoba na kugawa kama karanga, tafadhali aache. Wewe ambaye umeshaambiwa figo zako haziko sawa, muulize mfamasia kwanza.

Sasa shika hili hata ukisahau mengine yote. Maumivu ya jiwe PAMOJA NA HOMA au kutetemeka ni dharura. Vilevile kama mkojo umekata kabisa, kama una figo moja tu, kama una mimba, au kama maumivu hayashikiki kwa dawa. Jiwe limeziba, mkojo umeoza nyuma yake, na usaha unaweza kuingia kwenye damu ndani ya saa chache. Usisubiri kupigiwa simu na GP asubuhi. Nenda A&E, na kwa sisi wa Kingsbury ya karibu ni Northwick Park. Nakumbusha kwamba Central Middlesex haina A&E tangu Septemba 2014, ina kituo cha matibabu ya haraka tu. Ukiwa hali mbaya piga 999. Ukiwa na shaka piga 111, ni bure, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Kutibiwa ndani ya A&E hakutozwi mtu yeyote, na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kuonyesha viza. Kulazwa ni habari nyingine kwa asiye na haki ya makazi, lakini usaha kwenye figo haungoji makaratasi.

Jiwe dogo, chini ya milimita tano, mengi hutoka yenyewe. Utaambiwa unywe maji na uchuje mkojo. Tumia chujio la chai, na chujio hilo lisirudi jikoni! Ukilipata jiwe lipeleke hospitali likapimwe, kwa sababu kujua ni la aina gani kunabadilisha ushauri wote. Mawe ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyushwa kwa dawa. Mawe ya kalsiamu hayayeyuki, si kwa mitishamba, si kwa bia, si kwa siki. Makubwa yanavunjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, au kwa leza kupitia njia ya mkojo, au kwa tundu dogo mgongoni.

MAJI, NA ILE CHOKAA YA BIRIKA

Mwenye mawe anashauriwa kunywa lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza: baada ya miaka mitano, katika kundi la waliokunywa maji mengi jiwe lilirudi kwa 12 kati ya 99, na katika kundi la wengine kwa 27 kati ya 100. Kwa dawa inayotoka bombani, si haba. (Mwenye ugonjwa wa moyo au aliye kwenye dayalisisi asifuate hili, ana kipimo chake.)

Watu wananiambia, "Dada, maji ya London yenyewe ndiyo chokaa, tazama birika langu!" Kweli maji yetu ni magumu, lita moja ina kama miligramu 100 za kalsiamu. Lakini glasi moja tu ya maziwa ina zaidi ya hizo mara mbili. Ile nyeupe ya birika inatokana na kuchemsha, haijipangi hivyo ndani ya figo. Kunywa maji ya bomba bila hofu. Kamulia limau au ndimu, maana sitrati yake inazuia chenga zisishikane. Soda, hasa za rangi nyeusi, ziache.

Tatizo la kweli ni kazi zetu. Dada anayehudumia wazee nyumba kwa nyumba hanywi maji kwa sababu hana choo njiani. Kaka wa teksi na dereva wa basi vivyo hivyo. Anashinda zamu nzima kwa kikombe kimoja cha chai, mkojo unatoka wa rangi ya kahawia. Ninachowashauri ni kupanga vyoo kama unavyopanga safari: jua maktaba, duka kubwa, msikiti au kanisa lililo kwenye njia yako, unywe nusu saa kabla ya kufika. Na usiku kabla ya kulala kunywa glasi moja, hata kama itakuamsha, kwa sababu mkojo wa usiku ndio mzito kuliko wote. Mkojo uwe wa rangi hafifu, karibu na maji.

Wanaofunga Ramadhani: mtu mwenye mawe yanayorudi au figo dhaifu azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Miaka ya 2014 hadi 2018 tulifunga kiangazi, saa kumi na nane na zaidi, ilikuwa shida kubwa. Siku za baridi ni fupi, lakini maji bado yanatakiwa yapangwe kati ya futari na daku, kidogo kidogo, si lita mbili kwa mkupuo wakati wa daku.

CHAKULA: MAZIWA USIYAACHE

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanasema jiwe ni kalsiamu, basi niache kalsiamu. Hapana. Kalsiamu ya chakula inakamata oksaleti tumboni na kutoka nayo chooni. Ukiiacha, oksaleti inaingia kwenye damu na kwenda zake kwenye figo. Mwaka 2002 watafiti wa Parma, Italia, walitoa matokeo ya wanaume 120 waliofuatiliwa miaka mitano. Waliopunguza kalsiamu, mawe yaliwarudia 23 kati ya 60. Waliokula kalsiamu ya kawaida lakini wakapunguza chumvi na nyama, 12 kati ya 60. Mtu mzima anahitaji miligramu 700 kwa siku, na si vibaya kufika 1,200. Maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yake, vyote vinafaa, na vizuri zaidi viliwe pamoja na mlo.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko maziwa, kwa sababu inavuta kalsiamu na kuitoa kwenye mkojo. Gramu 6 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, jumla ya yote. Hapo hesabu papa mkavu, ng'onda, achari, Royco na vile vidonge vya supu. Nyama choma nayo iwe ya siku maalumu.

Oksaleti iko nyingi kwenye mchicha na spinachi, matembele, magimbi, karanga, korosho, lozi na chokoleti. Sikukatazi mchicha. Uchemshe, mwaga maji yake, ule na mtindi au dagaa pembeni. Sukuma wiki na kabichi hazina shida hiyo. Chai ya rangi badilisha uwe unakunywa ya maziwa, nayo ndiyo chai yetu hasa. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 acha, mwili unavigeuza kuwa oksaleti.

Nawaonya watu wa pwani juu ya mabirimbi. Kidogo kwenye mchuzi au achari si neno. Lakini juisi yake, ambayo watu wanaishauri kwa kisukari na lehemu, ni oksaleti tupu. Kutoka Kerala, India, mwaka 2013 madaktari waliripoti wagonjwa kumi ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi hiyo. Mwenye figo dhaifu asiiguse, wala lile tunda la nyota.

DAMU KWENYE MKOJO, NA ULIKOZALIWA

Mwambie daktari ulikulia wapi. Aliyeoga mitoni Pemba, Unguja, Tanga au karibu na Ziwa Victoria huenda alipata kichocho utotoni, na mayai ya kichocho yanaweza kuacha chokaa kwenye kuta za kibofu na mirija miaka mingi baadaye. Daktari aliyesomea hapa anaweza asilifikirie kabisa. London kuna hospitali maalumu ya magonjwa ya nchi za joto, na GP anaweza kukupeleka. Damu kwenye mkojo isiyo na maumivu ichunguzwe siku zote, kwani inaweza kuwa saratani ya kibofu.

SAFARI NA ULE MRIJA

Baada ya matibabu ya jiwe mara nyingi wanaacha mrija mwembamba wa plastiki ndani, kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Ni wa muda, wiki chache au miezi michache. Watu wanapata nafuu, wanapanda ndege kwenda Dar au Nairobi, msiba unafuatiwa na harusi, mwaka unapita. Chokaa inauvaa mrija ule kama inavyovaa birika, unashikana, na kuutoa kunahitaji upasuaji mkubwa. Kabla hujaondoka hospitali uliza tarehe ya kuutoa, iandike kwenye simu, na ukihama nyumba wape anwani mpya.

Mwisho, kile kipimo cha mkojo wa saa 24 ambacho wengi wanakikwepa kwa aibu ya kubeba chupa kwenye basi la 183. Ndicho kinachoonyesha kalsiamu, oksaleti na sitrati yako, kwa hiyo kifanye vizuri. Chagua siku ya mapumziko. Mkojo wa kwanza ukiamka, tuseme saa moja asubuhi, mwaga chooni na andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chupa, hadi saa moja asubuhi ya kesho yake, na huo wa mwisho nao uingie. Kula na kunywa kama siku zako zote, usijifanye mtakatifu siku moja. Chupa nyingine zina asidi ndani, kwa hiyo kojoa kwenye jagi safi kisha umimine polepole, na watoto wasiifikie. Iweke kwenye mfuko mweusi, hakuna atakayejua. Ukiona chupa inakaribia kujaa kabla ya wakati, usimwage hata kidogo: endelea kwenye chombo kingine safi, uwapigie maabara uwaulize kama chombo hicho kinakubalika, na uvipeleke vyote viwili kwa pamoja.